Kibao Cheupe cha Aurèle

Jumamosi, 11 Januari

Mimi ndiye niliyekigeuza kibao cha Aurèle Dumais. Sijamwambia mtu yeyote, si mama, si padri, si Tessa. Naandika kwa Kifaransa, lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu kwa Kiingereza cha darasani naona kama ni habari ya mtu mwingine niliyopewa niifanyie ufupisho.

Kwenye klabu yetu ya skii kila mwanachama ana kibao chake cha mbao chenye jina, kimetundikwa ubaoni karibu na jiko la kuni. Upande mmoja mwekundu, upande wa pili mweupe. Ukiingia msituni, kwa skii au kwa viatu vya theluji, unakigeuza kiwe chekundu. Ukirudi, cheupe. Saa kumi na nusu jioni msimamizi wa zamu anautazama ubao. Kikibaki chekundu hata kimoja, anawasha pikipiki ya theluji na kwenda kumtafuta mwenyewe. Hata watoto wa miaka mitano wanaijua sheria hiyo.

Aurèle ndiye hakuwahi kuikumbuka. Mgane wa miaka sabini na moja, anarudi, anavua skii zake, anakunywa supu ya njegere, anawatania kina mama, anapanda pikapu yake anaondoka, kibao kiko chekundu. Basi aliyekuwa karibu alimgeuzia. Tulikuwa na msemo wetu. Mmoja anasema, “Mrudisheni Aurèle,” watu wanacheka, kibao kinageuzwa. Watoto waliligombania jambo hilo.

Jumapili iliyopita zamu ilikuwa ya Mzee Quesnel, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Saa tisa na nusu alitoka kwenda kusimika alama iliyoangushwa na upepo, akaniambia niangalie moto na ubao. Saa kumi vibao vyote vilikuwa vyeupe isipokuwa kimoja. Nikachungulia dirishani. Pikapu ya Aurèle haikuwepo uwanjani. Nikasema peke yangu, “Haya, mrudisheni Aurèle,” nikakigeuza. Nilitabasamu. Nakumbuka vizuri kwamba nilitabasamu.

Pikapu ilikuwa gereji tangu Ijumaa. Jumapili hiyo alikuja kwa skii kutoka nyumbani kwake, akipitia nyuma ya kiwanda cha mbao.

Mzee Quesnel alirudi, akautazama ubao, ukamwambia watu wote wamerudi, akafunga mlango. Aurèle anaishi peke yake, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mpaka Jumanne, gereji walipompigia simu mara tatu bila kujibiwa. Walimkuta kwenye kibanda cha mapumziko cha Ziwa Jembamba, kifundo cha mguu kimevunjika, ameegemea ukuta. Mbele yake palikuwa na vijiti kumi na kimoja vya kibiriti vilivyoungua. Polisi walisema yaelekea alikuwa hai mpaka alfajiri ya Jumatatu.

Ilikuwa digrii ishirini na tisa chini ya sifuri. Kutoka klabu mpaka pale, kwa pikipiki, ni dakika kumi na nane.

Nimeandika “anaishi”. Siwezi kulikata neno hilo.

Jumatatu, 13 Januari

Mazishi, au nusu ya mazishi. Ardhi imeganda, kaburi halichimbiki, kwa hiyo jeneza limewekwa kwenye chumba cha mawe kule makaburini pamoja na wengine wawili waliotangulia tangu Novemba. Watangoja hadi Mei. Basi la shule linapita pale asubuhi na jioni.

Jumanne, 14 Januari

Kamati ilikutana jikoni kwetu kwa kuwa mama ni katibu. Mimi nilikuwa nagawa kahawa. Mwenyekiti aliuliza taratibu, bila ukali, nani alikigeuza kibao. Nilikuwa nimeshika chupa ya maziwa. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

Mzee Quesnel akasema, “Mimi.”

Wakamwuliza kama ana hakika. Akaitazama mikono yake, ile mikono mikubwa iliyochanika kwa baridi, akasema alirudi kutoka msituni, akaona kimoja chekundu, akakigeuza kama afanyavyo kila Jumapili. Anakumbuka baridi ya mbao vidoleni.

“Na Josiane alikuwa wapi?” mwenyekiti akauliza.

“Mwacheni mtoto. Alikuwa anafagia.”

Nilimimina maziwa kwenye kikombe kilichojaa tayari.

Jumatano, 15 Januari

Ananikinga. Hakuna maelezo mengine. Aliona cheupe, akajua ni mimi, akaamua kulibeba. Na mimi niliyekuwa namwogopa miaka yote kwa sababu alinifokea nilipopaka nta isiyofaa!

Ijumaa, 17 Januari

Mama alinipa ripoti niiweke katika Kiingereza, maana kila karatasi ya klabu huandikwa kwa lugha zote mbili na Kiingereza changu ni kizuri kuliko chake. Kwa hiyo nimeandika kwa mkono wangu: kibao kiligeuzwa na msimamizi wa zamu, R. Quesnel. Mama aliisoma, akasema hati yangu imetulia siku hizi.

Jumapili, 19 Januari

Klabu imefunguliwa tena. Hakuna aliyethubutu kukitoa kibao cha Aurèle. Kiko pale pale, cheupe. Watu wanapita mbele yake wakigeuza vyao, wanainamisha kichwa kidogo kama kanisani.

Alhamisi, 23 Januari

Theluji. Mtihani wa hesabu.

Jumapili, 26 Januari

Tessa Kowalchuk ni rafiki yangu wa klabu, hodari wa mbio, wa kwanza kwa utani. Leo alipotaka kwenda msalani alisema, “Mwambieni Quesnel niko ndani, asije akanigeuza cheupe nikafia humo.” Wote walicheka. Mimi pia nilicheka. Mzee Quesnel alikuwa nyuma yetu na mzigo wa kuni. Aliziweka chini moja moja.

Zamani nilitamani niwe kama Tessa, niseme chochote kinachonijia. Leo nilimtazama anavyojifuta machozi ya kicheko, nikaona kwamba hajawahi kubeba kitu.

Jumapili, 2 Februari

Nimeona mstari.

Niueleze. Skii za Aurèle zilikuwa za mti, za kizamani, alizipaka lami ya msonobari mpaka klabu nzima inanuka. Ya kushoto ilipasuka miaka mingi iliyopita akaibana kwa kipande cha bati, na msumari mmoja ulichomoza. Popote alipopita, ndani ya alama ya kushoto palibaki mstari mwembamba kama uliochorwa kwa sindano. Tulimjua kwa mstari huo. Tulikuwa tunasema huyu hapotei, anajiandika mwenyewe.

Usiku wa jana ilianguka theluji ya sentimita ishirini. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kupita njia ya Ziwa Jembamba, au nilidhani hivyo. Kwenye njia panda palikuwa na alama mbichi za skii zikielekea ziwani. Na ndani ya ile ya kushoto, mstari.

Niligeuka nikarudi mbio. Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 3 Februari

Labda nilikosea.

Jumapili, 9 Februari

Sikukosea. Upo. Safari hii nilimwonyesha Tessa. Akasema, “Mstari gani?” akaukanyaga.

Niliinama nikanusa theluji. Lami.

Jumatano, 12 Februari

Basi lilikwama mbele ya makaburi dakika tano kwa sababu ya gari la kukwangua theluji barabarani. Mlango wa chumba cha mawe una kufuli. Juu ya paa theluji imejikunja kama shuka. Najua watu waliokufa hawatoki kwenda kuteleza kwa skii. Najua kwa lugha zote mbili. Lakini hajazikwa, na ubao unasema amerudi, sasa yeye aende wapi?

Jumamosi, 15 Februari

Matembezi ya mwezi wa pili kwa viatu vya theluji, yale ya kila mwaka, watu arobaini, chokoleti ya moto, pai ya sukari. Kawaida Mzee Quesnel ndiye anayeongoza. Mwaka huu mwenyekiti alimwomba abaki kuangalia moto. Aliitika kama mtoto. Tuliporudi alikuwa amesimama mbele ya ubao anahesabu kwa kidole. Alihesabu mpaka mwisho, akaanza upya. Alipomaliza mara ya tatu alimwuliza mama kama kweli wote wameingia. Mama akamwambia ndiyo, Rhéal, wote. Akaanza upya.

Nilimwuliza mama garini kama anaumwa. Tulipovuka reli alipunguza mwendo. Halafu akasema tangu ile siku Rhéal haiamini tena akili yake. Amejipeleka mwenyewe kwa daktari. Daktari alimpa karatasi achore saa.

“Alichora?”

“Sijui, Josiane. Mtu anapofanya jambo kama lile bila kujua kwa nini, anaanza kutilia shaka kila kitu.”

Kwa hiyo hanikingi. Mwezi mzima nimekuwa nikimshukuru kimoyomoyo kwa zawadi ambayo hakunipa. Anaamini. Nimemwachia mkono wangu, na yeye akauvaa kama wake.

Jumapili, 16 Februari

Mstari upo.

Jumapili, 23 Februari

Upepo, njia zimefungwa. Nimekaa ndani siku nzima nikipaka nta skii ambazo tayari zina nta.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, tarehe ishirini na tatu Machi, kamati itapendekeza Mzee Quesnel arudishe ufunguo wa klabu na jina lake liondolewe ubaoni. Asiye na kibao haruhusiwi kupita njia zetu. Miaka thelathini na minne. Nusu ya njia hizo alizifyeka yeye. Mama amepewa kazi ya kuliandika pendekezo, na anasema ni Rhéal mwenyewe aliyeomba.

Jumapili, 2 Machi

Leo niliufuata mstari.

Nilikuwa nimechoka kuogopa, hiyo ndiyo sababu, si ushujaa. Nilikigeuza kibao changu chekundu, nikahakikisha mara mbili, nikatoka. Jua kali, misonobari ikidondosha theluji mabegani mwangu. Mstari ulikwenda mbele yangu bila kukatika, ukapanda kilima cha mawe, ukashuka ziwani. Mara nyingine niliisikia skii ikikwaruza mbele kidogo, nikisimama inanyamaza. Nilikuwa nikisema kwa sauti, nakuja, Aurèle, nakuja.

Nje ya kibanda cha mapumziko skii zake zilikuwa zimesimamishwa kwenye theluji. Zile zile, zenye bati.

Ndani alikuwa amekaa Mzee Quesnel, ameegemea ukuta, pale pale. Nilibaki kizingitini, mlango wazi.

“Funga mlango, binti,” alisema. “Unaingiza baridi.”

Binti yake Aurèle anayeishi Sudbury alimpa skii zile baada ya mazishi. Alikuwa anakuja kila siku, alfajiri kabla watu hawajafika. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema anakaa tu. Anajaribu kukumbuka kile kibao, alichokuwa anawaza wakati anakigeuza. Anasema anauona mkono, anaona wekundu, lakini wazo halioni, na mtu hawezi kumuua rafiki yake bila kuwa na wazo lolote kichwani.

Nikamwambia.

Nilimwambia kwa vipande vipande, nikiitazama buti yangu. Pikapu haikuwepo. Nilisema mrudisheni Aurèle. Nilitabasamu. Wewe uliporudi kilikuwa cheupe tayari. Si wewe. Hukugusa kitu. Nilisema “si wewe” labda mara kumi.

 Alivua glavu zake, akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka.

“Kwa hiyo si kichwa changu,” alisema. “Mungu wangu. Si kichwa changu.”

Nilimwomba radhi. Alinishika kichwa kwa mkono mmoja, kofia na yote, kama mtu anayepima tikiti. Akasema mimi nina miaka kumi na sita na nilifanya kile ambacho klabu nzima ilinifundisha kufanya, na kwamba kila mmoja wetu amewahi kumgeuzia Aurèle, kwa hiyo kila mmoja ana kidole chake pale. Akasema Jumapili ijayo tutakwenda kwa mwenyekiti pamoja, yeye atasimama karibu yangu, nisiogope.

Tulirudi pamoja. Alitangulia. Niliteleza juu ya mstari wa Aurèle njia nzima na haukunitisha hata kidogo. Klabuni nilikigeuza kibao changu, naye akakigeuza chake. Nimekula sahani mbili za pai ya nyama. Mama ameniuliza kama nina mpenzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala.

Jumapili, 9 Machi

Nilivaa sweta langu zuri. Mwenyekiti alikuwa mezani, anapanga karatasi. Mzee Quesnel aliingia, akanisalimia, akaenda moja kwa moja kwake. Nikasimama karibu, nikingoja anite.

Akasema, “Nimekuja kuuliza kama nilete ufunguo leo au siku ya mkutano. Sitaki mtu aseme niliung'ang'ania. Mimi ndiye niliyekigeuza, mimi ndiye wa kuurudisha.”

Nilidhani amebadili mawazo na sasa ndiyo ananikinga kweli. Nilimfuata nje mpaka penye rundo la kuni. Nikamwambia Mzee, tulikubaliana. Akaniuliza tulikubaliana nini. Nikasema kule kibandani, Jumapili, nilichokwambia.

Alinitazama kwa upole sana. Hakuwa anaigiza. Mimi ni mtu wa aibu, nimetumia maisha yangu yote kuzisoma nyuso za watu ili nijue kama naweza kusema, na ule uso haukuwa na kitu nyuma yake.

“Kuhusu nini, binti yangu?”

Nikasema, basi, si kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Nilisema “si kitu”. Nimeandika mstari huu ili niuone.

Alhamisi, 13 Machi

Theluji inaanza kuyeyuka mchana na kuganda jioni. Njia ni kama kioo.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike ukweli, kwa kuwa ni daftari hili tu linalonijua. Siku tano hizi nimekuwa na furaha ya namna fulani, furaha chafu. Nilisema, si nilisema? Nilitubu, nikasamehewa, mkono wake ulikuwa kichwani mwangu. Kisha kila kitu kikafutika na hakuna shahidi. Mtu mwingine angesema nimebahatika.

Lakini leo mama alimpelekea Mzee Quesnel supu na mimi nikaenda naye. Nyumba yake ina karatasi kila mahali. Zima jiko. Dawa asubuhi. “Leo ni”, na chini yake tarehe zilizokatwakatwa. Juu ya meza ya jikoni, kwa herufi kubwa, kwa mkono unaotetemeka: NILIMGEUZIA AURÈLE. NISISAHAU.

Hiyo ndiyo karatasi iliyobandikwa kwa gundi nyingi kuliko zote.

Kwa hiyo daktari ana sababu zake, na kichwa chake kingeharibika hata bila mimi. Anasahau jiko, anasahau siku, amesahau machozi yake mwenyewe kule kibandani. Kitu kimoja tu amejilazimisha asikisahau, na hicho si chake. Kitakuwa cha mwisho kubaki. Atakapokuwa halijui hata jina lake mwenyewe atajua kwamba alimuua rafiki yake.

Nilitaka kuibandua. Mama alikuwa anaosha bakuli, mgongo umenielekea. Nilifika mpaka kwenye kona moja ya karatasi. Halafu nikafikiri: nikiibandua kimya kimya, ataandika nyingine.

Jumapili, 16 Machi

Leo mstari haukuwepo. Njia ya ziwani imefungwa, barafu imeanza kulia. Mzee Quesnel alikaa karibu na jiko siku nzima. Tessa alimpita akanong'ona kitu kwa wenzake. Nikamwambia anyamaze. Alishtuka, mimi pia nilishtuka. Akauliza, “Leo umeamkia wapi?” Sikutazama chini.

Alhamisi, 20 Machi

Mama anachapa pendekezo. Nasikia vidole vyake kupitia sakafu. Amelianza mara nne. Nilidhani mama ni mtu wa sheria na karatasi tu. Jana nilimkuta amesimama mbele ya kompyuta, mkono mdomoni, na pale aliponiona alijifanya anakohoa.

Jumapili, 23 Machi

Mkutano ni saa nane mchana. Sasa ni saa sita na nusu. Mvua, ya kwanza tangu Oktoba, inatoboa theluji kwenye paa la jirani.

Mama ameniita mara moja tayari. Anataka nilisome pendekezo la Kiingereza mbele ya watu, kwa sababu tafsiri ni yangu na sauti yake itakwama. Amesema hivyo kabla ya kifungua kinywa: sauti yangu itakwama, binti yangu, nisomee wewe.

Nimelifikiria jambo hili kama tunavyofikiria njia kabla ya mbio. Kumwambia Mzee Quesnel peke yake hakutoshi, kwa sababu kunayeyuka. Kumwandikia hakutoshi, atakuta karatasi mbili zinazopingana na ataiamini ya mkono wake. Lazima nilisemе mbele ya wote, liingie kwenye kumbukumbu za mkutano kwa lugha zote mbili, ili akisahau pawepo watu arobaini wa kumwambia. Naye atasahau. Wiki ijayo nitamkuta karibu na jiko, ataniambia mimi ndiye niliyekigeuza, na itanibidi nikae chini nianze upya: pikapu haikuwepo, nilitabasamu, si wewe. Ataficha uso, atacheka, atalia, atanishika kichwa. Na wiki itakayofuata tena. Nitasamehewa mara nyingi kuliko mtu yeyote hapa mjini na haitanisaidia hata mara moja, kwa sababu kila mara itakuwa ya kwanza kwake.

Sawa. Nitakwenda kila Jumapili.

Lakini kwanza mama. Asilisikie ukumbini, kalamu mkononi, akiwa katibu. Alisikie hapa, akiwa mama yangu.

Ngazi zinalia. Ni yeye, anapanda polepole, ana viatu vya kutokea. Amefika ngazi ya saba, ile inayocheza. Sasa yuko kwenye korido ndogo ya juu, anasimama, labda anaweka nywele sawa. Nalisukuma daftari hili chini ya mto, na safari hii si kwa aibu. Sitaki alisome. Nataka anisikie nikisema kwa mdomo wangu.